Kifo Ugenini: Kusuka Riwaya ya Upelelezi Ambamo Kila Mtu Anaondoka

Riwaya nyingi za upelelezi huwafungia washukiwa mahali pamoja: kisiwa kilichozingirwa na dhoruba, jumba la milimani, behewa la treni. Hakuna anayetoka mpaka siri ifichuke. Riwaya ya vijana wasafiri wanaochunguza kifo chenye utata katika nchi ya watu haina bahati hiyo, kwa kuwa kila mhusika ana tiketi ya kuondoka. Shahidi aliyelala kitanda cha juu hosteli anapanda basi alfajiri. Shuka zinaingia mashineni kabla ya adhuhuri. Kamera ya mapokezi inafuta picha za zamani ili kupisha mpya, na marehemu mwenyewe anasubiri jeneza na ndege. Muuaji mwenye akili atapachagua mahali pa namna hii kwa sababu hiyohiyo: wiki moja ikipita, hatabaki mtu wala kitu cha kuulizwa.

Kwa hiyo kabla hujamfikiria mpelelezi wako, andika orodha ya kila kinachoondoka na saa kinapoondoka. Orodha hiyo ndiyo itakayoendesha kitabu. Miswada mingi ya aina hii hudorora katikati kwa sababu vijana wana muda tele. Wanakaa mkahawani wanajadili, wanalala, wanaamka, wanajadili tena. Wape viza. Katika nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, mgeni wa muda mfupi anaruhusiwa kukaa siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Aliyekwisha kuzunguka siku 84 amebakiwa na siku 6, na akizidisha anaweza kutozwa faini au kuzuiwa kuingia tena. Mpe kila kijana hesabu yake: mmoja ana siku 6, mwingine ana mwezi mzima lakini mfuko mtupu, wa tatu ana mtihani nyumbani Jumatatu. Kundi litakuwa linapungua, na kila anayeondoka anaondoka na kipande cha habari ambacho waliobaki hawakijui. Angalizo kwa anayetaka kutumia mihuri ya pasipoti kama kidokezo: tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kuhamia mfumo wa kielektroniki wa kurekodi wageni wanaoingia na kutoka, kwa hiyo mkasa unaotegemea muhuri uliofifia uweke miaka ya nyuma, au upeleke kwingine.

Marehemu awe nani? Wengi humuua rafiki wa tangu utotoni wakidhani uchungu utakuwa mkubwa. Utakuwepo, ila uchunguzi utakuwa mwepesi mno, maana kundi zima linamjua. Napendelea marehemu ambaye wamefahamiana naye siku nne au tano tu. Safarini kijana anaweza kujieleza upya kila mji, hapa mwanafunzi wa udaktari, kule mpiga picha, kwingine mtoto wa tajiri aliyegombana na baba yake. Kila mmoja wa wahusika wako alikutana na mtu tofauti, na kazi ya kwanza ya upelelezi inakuwa kumtambua aliyekufa. Hapo msomaji atauliza, na ana haki kuuliza: kwa nini wahangaike hivi kwa mtu wa siku nne? Kusema wanatafuta haki hakutoshi. Sababu iwe ya mtu mmojammoja, tena iwe ndogo na ichome. Mmoja alimwazima koti alilokutwa amelivaa. Mwingine ndiye wa mwisho kuonekana naye, na polisi wanalo jina lake. Wa tatu alisikia kishindo usiku, akageukia ukutani, akalala. Hatia ya huyo wa tatu inatosha kubeba kitabu kizima.

Sasa tuje kwenye mwili, kwani hapa ndipo waandishi wengi hujikwaa. Hakuna daktari atakayesema marehemu alikufa saa tatu na dakika kumi. Atatoa kipindi cha saa kadhaa, na atakitoa kwa kusitasita. Katika hali ya hewa ya wastani maiti hupoa kwa takriban nyuzi moja ya Selsiasi kila saa katika saa za mwanzo. Kukakamaa huanza kujitokeza kwenye taya na shingo baada ya saa 2 hadi 4, huenea mwili mzima baada ya kama saa 12, kisha huachia siku ya pili au ya tatu. Damu hutuama sehemu za chini na kuacha madoa ya zambarau ambayo baada ya saa 8 hadi 12 hivi hayahami tena hata ukiigeuza maiti. Aliyekutwa kifudifudi huku madoa yako mgongoni, kuna mtu alimgeuza. Joto huvuruga hesabu zote hizi. Chumba kikiwa na nyuzi 34, maiti haipoi ipasavyo, ila inakakamaa mapema na kuachia mapema.

Chukua hoteli ya bei nafuu katika nchi ya joto. Ndani, pembeni ya mlango, kuna kipachiko cha kadi: ukiichomeka kadi, taa na kiyoyozi vinawaka, ukiichomoa, umeme wa chumba unakatika. Muuaji anamaliza unyama wake saa nne usiku, anachomoa kadi ili apate kufunga mlango kwa nje, anaondoka. Kiyoyozi kinazima. Chumba kinachemka usiku kucha, na mwili unabaki na joto. Saa tatu asubuhi mfanyakazi wa usafi anafungua kwa kadi yake na, kama afanyavyo kila siku, anaichomeka kwenye kipachiko apate mwanga. Anaona maiti, anapiga kelele, anatoka mbio, kadi inabaki palepale. Polisi wakifika saa nne na nusu, chumba kina nyuzi 22. Daktari anapima joto la mwili na joto la chumba, anapiga hesabu ya chumba baridi, anaona mwili bado una joto jingi, anaamua kifo kilitokea karibu na alfajiri. Alfajiri muuaji alikuwa stesheni mbele ya watu hamsini. Hakuna aliyesema uongo, na muuaji mwenyewe huenda hajui jinsi alivyookolewa.

Kidokezo kinachovunja hesabu hiyo kiko mahali pawili. Ripoti ya daktari inasema mwili ulikuwa wa joto na papo hapo umekakamaa kuanzia taya hadi vidole vya miguu, mambo mawili ambayo katika chumba baridi hayapatani. Halafu yupo mfanyakazi wa usafi, ambaye anakumbuka vizuri kwamba alipofungua mlango jasho lilimtoka. Hakuna aliyemuuliza. Kijana wako hahitaji shahada ya udaktari ili kufika hapo. Anahitaji kukaa na mama huyo jikoni kwa wafanyakazi na kumwacha aeleze asubuhi yake kwa utaratibu, tangu ngazi za chini.

Sumu nayo ina mtego wake, nao uko kwenye kusafirisha maiti. Mapatano ya Berlin ya 1937 na yale ya Strasbourg ya 1973 yanaitaka maiti inayovuka mpaka iwe na hati maalumu ya kupita, na jeneza liwe lisilovuja. Kwa mujibu wa Strasbourg, mojawapo ya namna zinazokubalika ni jeneza la mbao zenye unene usiopungua milimita 20 na ndani yake jeneza la zinki lililolehemiwa. Mara nyingi pia maiti hutiwa dawa ya kuihifadhi kabla ya kusafirishwa. Dawa hiyo huwa na fomalini, na mara nyingi methanoli pia, yaani pombe ya viwandani yenye sumu. Ikiwa kijana aliuawa kwa pombe iliyochanganywa na methanoli na damu haikuchukuliwa kabla ya dawa kuingia, kipimo cha baadaye hakitathibitisha kitu, kwa sababu methanoli sasa imejaa mwili mzima kihalali. Kumbuka vilevile kwamba sumu hiyo huchelewa. Dalili mbaya, hasa za macho, zinaweza kujitokeza baada ya saa 12 hadi 24, wakati wanywaji wenzake wamekwisha kufika mji mwingine. Hapo unapata mhusika mzuri sana: anayeihimiza familia kwa simu isaini ridhaa ya dawa leo leo ili mtoto arudi haraka. Anaweza kuwa mtu mwenye huruma kuliko wote, anaweza kuwa muuaji, na mpaka sura za mwisho maneno yake yasomeke kwa namna zote mbili.

Kuchoma maiti hukohuko ugenini ni mtego wa jinsi hiyo. Nchini Uingereza, kwa sheria ya England na Wales, mwili ukirudishwa na kuna sababu ya kushuku kwamba kifo kilikuwa cha kikatili au si cha kawaida, koroneri, yaani ofisa wa kuchunguza vifo, wa eneo ulipofikia anawajibika kuchunguza, hata kama kifo kilitokea upande wa pili wa dunia. Wajibu huo unategemea kuwepo kwa mwili. Majivu hayauamshi. Maji hayana msaada mkubwa pia: kuzama hakuna alama moja inayokata shauri, na ngozi ya vidole iliyojikunja, ambayo waandishi huipenda, hutokea hata kwa aliyetupwa majini akiwa tayari amekufa.

Baada ya mwili, simu. Picha hubeba ndani yake saa ilipopigwa, na aghalabu mahali. Saa hiyo ni ile ya kifaa chenyewe. Kamera ndogo isiyo na intaneti, ambayo mwenyewe hakuirekebisha alipovuka mpaka, huendelea kuhesabu saa za nyumbani. Nafasi ya kuandika tofauti na saa za dunia (UTC) iliongezwa mwaka 2016 tu kwenye Exif, kanuni za kuhifadhi habari hizo ndani ya picha, ilhali saa ya GPS huandikwa kwa saa za dunia, kwa hiyo faili moja inaweza kuwa na saa mbili zinazopishana. Picha ikitumwa kama picha ya kawaida kwenye WhatsApp, habari hizo hufutwa. Ndiyo maana simu yenyewe ikipotea hasara ni kubwa, hata kama kundi zima lina nakala ya picha.

Picha ya skrini ni hatari zaidi. Programu za ujumbe huonyesha saa ya simu inayosoma. Mama wa marehemu akituma picha ya skrini yenye ujumbe wa mwisho wa saa nne na dakika arobaini usiku, hiyo ni saa ya mama. Nepal iko mbele ya saa za dunia kwa saa 5 na dakika 45, na zile dakika 45 ndizo mhusika mwenye haraka atakazozisahau. Ukitaka jambo kubwa zaidi, nenda Paris au Roma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ikifika saa tisa kamili usiku saa zinarudishwa hadi saa nane, kwa hiyo saa nane na nusu inatokea mara mbili. Mashahidi wawili wanasema kweli tupu na wanapishana kwa saa nzima. Litumie jambo hili mara moja tu, na mwonyeshe msomaji mapema bila kulikazia: mtu analalamika sura ya tatu kwamba alifika kituoni akalisubiri basi saa nzima.

Ili usijichanganye mwenyewe, chora jedwali kabla ya kuandika sura ya kwanza. Safu ya kwanza iwe saa za dunia, ya pili saa za pale, zinazofuata muuaji, marehemu, kila kijana, na safu ya mwisho iwe alama iliyobaki: risiti, kadi, taulo, ujumbe. Jaza safu ya muuaji kwanza, dakika kwa dakika, kuanzia saa 24 kabla ya kifo. Safu ya alama ikiwa na nafasi tupu kwa saa tatu mfululizo, hapo uchunguzi utakosa pa kushika.

Polisi ni suala la heshima na la ufundi kwa pamoja. Polisi mvivu au mla rushwa kama sababu pekee ya vijana kuingia kazini ni dharau kwa nchi husika na ni udhaifu wa msuko, maana adui mjinga hampi mpelelezi kazi. Polisi wako wafanye kazi yao vizuri, ila utaratibu uache ufa mmoja. Ufa wa kweli kabisa ni lugha. Maagizo ya Umoja wa Ulaya namba 2010/64 yanampa mtuhumiwa haki ya mkalimani na ya kutafsiriwa nyaraka muhimu. Shahidi wa kawaida hamo humo. Kijana anaweza kusaini maelezo ya kurasa tatu yaliyotafsiriwa na kijana wa mapokezi aliyekuwa zamu usiku kucha, na neno moja la wakati likawa limekwenda upande. Ufa huo unaaminika na haumtukani mtu.

Ubalozi nao hupewa kazi isiyo yake. Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonsula wa 1963, ibara ya 37, unaitaka nchi anakofia mgeni iuarifu ubalozi wake bila kuchelewa. Ibara ya 36 inampa mgeni aliyekamatwa haki ya ubalozi wake kuarifiwa akitaka. Ibara ya 55 inakataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi mwenyeji. Kwa hiyo ofisa wa ubalozi ataipigia familia, atatoa orodha ya mawakili, wakalimani na wasafirishaji wa maiti, atamtembelea aliye mahabusu. Hachunguzi, hahoji, na wala halipi wakili. Mwandike kama mtu mwema mwenye mipaka, na mazungumzo yake na vijana yatakuwa na mvutano wa kutosha. Interpol pia haina askari wa kuja kukamata mtu. Hutuma taarifa za rangi kati ya nchi: nyekundu kwa anayetafutwa, njano kwa aliyepotea, nyeusi kwa maiti isiyotambuliwa.

Vijana wenyewe wako hatarini, tena kisheria. Huko Thailand, Japani na Italia kumchafulia mtu jina kunaweza kuwa kosa la jinai, na anayemtaja mshukiwa mtandaoni anaweza kujikuta yeye ndiye anayehojiwa. Ujerumani, kurekodi kwa siri mazungumzo ya faragha ni kosa. Kisha kuna ushahidi wanaouokota. Ile hamu ya kuitia kadi mfukoni ndiyo inayomnusuru muuaji, kwa sababu wakili atauliza ilipatikana wapi, na nani, na nani aliithibitisha. Kijana makini anapiga picha kadi ikiwa palepale, kwanza kwa mbali chumba chote kionekane, kisha kwa karibu kukiwa na kitu cha kulinganishia ukubwa, anaandika saa na waliokuwepo, anamwita polisi, anaomba hati ya kukabidhi yenye namba. Wacha mmoja wa kundi ajue haya na mwingine asijue, na ugomvi wao uwe na gharama mahakamani.

Wenyeji wasiwe mapambo. Mfanyakazi wa usafi, mhudumu wa chumba cha maiti, mkalimani wa mahakama, kila mmoja ana kitu cha kupoteza ambacho vijana hawana. Wao watapanda ndege; yeye atabaki na mwajiri yuleyule, mwenye nyumba yuleyule, na pengine ndugu wa mshukiwa mtaa wa pili. Akikataa kuzungumza, msomaji aelewe kwa nini. Akikubali, vijana wawe wamefanya jambo la kustahili, na ahadi waliyompa waitimize au waivunje mbele ya macho ya msomaji.

Kuhusu kupanga vidokezo, kwa riwaya ya maneno 80,000 mwili uonekane kabla ya neno la 10,000. Vidokezo 10 hadi 12 vinatosha, na vitatu vinavyomfunga muuaji viwe vimeonekana vyote kabla ya theluthi ya mwisho. Kidokezo hujificha vizuri katikati ya orodha ya vitu vitano, kikiwa cha tatu, au nyuma ya ugomvi: wakati wawili wanatukanana, wa tatu anafungua dirisha kwa sababu chumba kina joto.

Mwisho wa riwaya hii una shida yake, nayo ni kwamba muuaji naye ana tiketi. Brazil haimkabidhi raia wake wa kuzaliwa kwa nchi nyingine, na Ufaransa kwa kawaida nayo huwa hivyo nje ya Umoja wa Ulaya. Akishatua kwao, kinachowezekana ni kushtakiwa hukohuko, mbele ya hakimu asiyekijua kile chumba, kwa ushahidi uliotafsiriwa. Ndiyo maana sura za uwanja wa ndege zina haki ya kuwa na mbio, mradi mbio hizo ziwe za karatasi: je, ile hati yenye namba, maelezo ya mfanyakazi wa usafi yaliyotafsiriwa upya na ripoti ya daktari iliyosahihishwa vitafika mezani kwa mwendesha mashtaka kabla ya lango la ndege kufungwa?

Rasimu ikikamilika, mtafute msomaji mmoja mwenye subira, mpe sura zote isipokuwa nne za mwisho, kisha mwombe aandike jina la muuaji na mambo matatu yanayomthibitishia. Akitaja jina sahihi bila ushahidi, tabia ya muuaji inamsaliti mno na inabidi kuipunguza. Akitaja ushahidi lakini amkose mtu, saa zako hazijakaa sawa. Rudi kwenye jedwali na ukague safu ya saa za pale kwanza.